Rangi Haikuwa Mbichi

Awuor, mamangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu nyingi kama mchanga wa ziwani, halafu kuulizia afya ya mtu na ya ng'ombe wake. Salamu nimekupa asubuhi ulipopita na taulo, afya yako naiona, na ng'ombe hatuna. Kwa hivyo nianze tu.

Umeenda kusukwa kwa Mama Beldine, na anayesukwa kwa Mama Beldine siku ya Jumapili harudi mapema, kwa sababu pale midomo hufanya kazi nyingi kuliko vidole. Nina saa nne, pengine tano. Nimekaa hapa nje penye karakana, nimegeuza jiko ambalo halijapata mnunuzi likawa meza, na daftari ni lile lako la chuo cha Maseno ulilotaka kulitupa likiwa na kurasa nyingi safi. Ndani, masanduku yako yamepangwa mlangoni. Nimeona afadhali nikae nje.

Hujawahi kupata barua yangu. Mimi ni mtu wa mdomo. Niliishia darasa la saba, na si kwa kukosa akili. Mwalimu wa hesabu mwenyewe aliomba nisiendelee, akaogopa nitamchukulia kazi. Unaona? Sijamaliza hata ukurasa mmoja na nimeshakudanganya. Ukweli ni kwamba baba yako aliacha shule darasa la tano ili mimi kaka yake mdogo nisome, akaanza kununua omena, dagaa wa ziwani, pale Port Victoria na kuzizungusha kwa baiskeli vijijini. Mimi nikafika la saba, nikachoka, nikatoroka kuja Kisumu. Hakunikaripia. Aliniambia, "Omera," yaani ndugu yangu, "mji ukikupenda, kaa." Baba yako alikuwa mtu wa namna hiyo.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala gesi, wala watu wa kuogopa. Hayo unayajua kunizidi. Ni wewe uliyenifundisha simu. Majirani wanacheka kwamba unahama nyumbani na unakokwenda mtu anaweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa. Ni kweli Obunga yetu hii na Milimani ya matajiri ni mji mmoja. Lakini mimi nimekaa pande zote mbili, na najua huo si umbali wa miguu.

Nataka kuandika juu ya Jumamosi ile uliporudi kutoka kuiangalia nyumba.

Ulikuja umejaa. Hukuvua hata viatu. Ukaniambia kuhusu lifti yenye kioo, na jikoni ambamo kabati hujifunga zenyewe taratibu kama zina adabu, na bwawa la kuogelea, na mkahawa wa kahawa pale chini ambapo vijana wenye kompyuta wanakaa kutwa na kikombe kimoja. Ukasema ni ghorofa ya nne. Ukasema umeichagua ghorofa ya nne kwa makusudi. Mimi nilikuwa nakunja bati, nikaendelea kulikunja. Halafu ukanisimulia habari za mzee wa pale getini.

"Nilimwambia mimi ni mtoto wa Ochola aliyekuwa anakaa hapa ghorofa ya nne zamani. Akasema hakuna Ochola aliwahi kukodi hii nyumba. Nikamwambia, Mzee, labda wewe umekuja nyuma yake. Akasema, 'Mimi nilikuja na msingi. Ochola namjua mmoja tu, na huyo hakuwa wa ghorofani.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia heshima yake aiweke vizuri, asichafulie watu jina."

"Ulimwambia hivyo mzee wa watu?"

"Si alikukosea, Anko."

Nami nikacheka. Nikasema huyo ni Barasa, uzee umemla kichwa, zamani alikuwa ananifungulia geti kwa saluti. Ukaridhika, ukavua viatu.

Halafu ukasema lile lingine. Kwamba nyumba ina vyumba viwili vya kulala, na cha pili kinatazama ziwa, na ni changu. Nije siku ya kuhamia tulale wote usiku wa kwanza, nione kama godoro linanifaa. Nilipata jibu haraka, maana majibu sikosi. Nikakwambia mila haikubali baba kulala chini ya paa la mtoto wake.

"Anko, hiyo ni ya dala, ya boma la mtu. Hii ni fleti. Paa ni la mwenye nyumba. Na juu yetu kuna watu ghorofa tatu, hilo paa hata hatulioni."

"Mila ni mila."

"Mila umeikumbuka leo? Wewe kila Jumapili unalala kwenye mahubiri, mila gani ilikuruhusu?"

Tukacheka, ukaenda kuoga ukiwa umenuna kidogo. Mama, mila hiyo ipo. Babu yako alipokwenda kumtembelea shangazi yako alilala kwa jirani wiki nzima na hakuona vibaya. Lakini mimi sikukataa kwa sababu ya mila. Niliitafuta mila nijifiche nyuma yake, kama mtu anayejifunika shuka ya mgonjwa.

Barasa hajaliwa kichwa. Barasa alikwambia kweli.

Ochola wanayemjua pale ndiye aliyekuwa anabeba maji. Wakati huo, kabla hawajaiongeza juu, nyumba ilikuwa ya ghorofa tano, mpya, nzuri kuliko zote Milimani, lakini haikuwa na lifti na pampu yake ilikuwa na moyo mbaya. Ikilala, nilikuwa napandisha mitungi ya lita ishirini, mmoja kila mkono, hadi juu kabisa. Nikishuka nafagia ngazi, naosha magari, nabadilisha taa. Kwa nguvu za kubeba mitungi hapakuwa na wa kunishinda, na hili halina chumvi, muulize Barasa. Nilipewa chumba chini ya ngazi, karibu na mashine ya umeme. Kitanda kiliingia, mimi nikaingia kwa kupinda. Kwa hivyo niliposema nilikaa Milimani, nilikaa. Uongo mzuri una mguu mmoja kwenye kweli, na huo ndio ulionibeba miaka yote hii.

Obunga nzima wananiita Bwana Milimani. Wewe ulikua ukisikia watoto wa ploti wakikusanyika hapa kusikia habari za kiboko aliyeingia kwenye bwawa alfajiri, nami nikashuka na gauni la kulalia la hariri, nikamwambia kwa Dholuo arudi kwao, akanitii. Kiboko alikuja kweli. Hakuingia bwawani. Alikula maua ya mwenye nyumba akaenda zake, na mimi nilikuwa juu ya tangi la maji hadi kukapambazuka, na Barasa yuko kando yangu anaomba kwa Kibukusu.

Ghorofa ya nne ilikuwa ya mtu mmoja aliyeitwa Bwana Maina. Alitoka upande wa Nyeri, alikuwa na duka la spea mjini, na familia yake ilibaki huko kwao. Alikuwa ananiita jioni nibadilishe taa ya sebuleni. Napanda, najaribu ile ya zamani, naona inawaka vizuri, tatizo imelegezwa tu. Naikaza. Baada ya siku mbili ananiita tena, imelegea tena. Mara ya tatu nilielewa kwamba taa hailegei yenyewe. Tangu siku hiyo nilikuwa nachukua muda wangu juu ya ngazi ile. Alikuwa anasema, "Ochola, kaa kidogo, maji yamechemka." Nakaa kwenye kochi lake, na nakwambia lile kochi lilikuwa halijakaliwa, manyoya yake yamesimama bado. Tunakunywa chai, anaulizia bei ya samaki, anaulizia kwetu, hana haja na majibu. Dirishani naona gati la meli, na magugu maji yakisogea asubuhi upande huu na jioni upande ule, kama shamba lililopewa miguu.

Dirisha hilo ndilo nililokuwa nakusimulia. Lilikuwa la Bwana Maina.

Nakuandikia habari zake kwa sababu wewe kazi yako utaifanya humo humo ndani, na kompyuta, na watu walio nchi ambazo usiku wao ni mchana wako. Nyumba nzuri ina kitu kimoja kibaya: hakuna mtu anayekuja kukuomba chumvi. Hapa kwetu unalalamika kwamba ukikohoa ploti nzima inakuambia pole. Kule utakohoa. Sisemi usiende. Nasema tu kwamba nilimwona mtu mkubwa, mwenye gari mbili, akilegeza taa yake kwa mkono wake ili apate wa kuongea naye, na sikumcheka, na mpaka leo simcheki. Siku ukijikuta unalegeza taa, pokea simu yangu hata kama ni kelele tupu.

Sasa nifike mahali ambapo nimepazunguka tangu mwanzo.

Baba yako aliugua kifua. Wewe ulikuwa na miaka saba, mama yako alikuwa ameshatutoka mwaka uliotangulia. Pale Port Victoria walimtazama, wakamwambia aje hospitali kubwa ya Kisumu, na kwamba atakuwa anarudi kila wiki kwa muda, kwa hivyo atafute mahali pa kukaa mjini. Akaomba simu ya jirani, akanipigia. Nakumbuka nilikuwa nimeshika ufagio.

"Omera, naja kwako. Wamesema kila wiki, na ile barabara kila wiki kifua hiki hakitaiweza. Nitakaa kwako. Nitamleta na Awuor aone meli kwenye hilo dirisha lako."

Mimi ndiye niliyemwambia habari za dirisha. Kila nilipokwenda nyumbani nilivaa shati zuri, wazee walinipa kiti, na dirisha likazidi kupanuka. Alikuwa ananisikiliza akitabasamu, halafu anawageukia watu: "Mmesikia? Huyu ni mdogo wangu."

Ningeweza kusema, Ouma, kaka yangu, nalala chini ya ngazi, lakini njoo, wewe ulale kitandani, mimi nilale nje na Barasa. Ningeweza kupanda kwa Bwana Maina. Alikuwa na chumba kizima kitupu, na siku moja tukinywa chai aliniambia mwenyewe, "Hiki chumba hata wewe ukiwa na mgeni kinaweza kumsitiri." Maneno ya mdomo wake hayo, sijayaongeza. Lakini kupanda kwa Bwana Maina kulikuwa kumpeleka baba yako kwenye sebule ile, aone dirisha lile, na aone mwenyewe si mimi.

Nikamwambia, "Karibu sana, Omera. Ila wanapaka rangi. Rangi mbichi na kifua havipatani. Ngoja wiki mbili ikauke."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Basi tutangoja."

Baada ya wiki mbili akapiga. Sauti ilikuwa imepungua. "Imekauka?" Nikasema wamerudia mkono wa pili. Alicheka, kikohozi kikamkatiza, akacheka tena. "Nyumba za wakubwa. Hata rangi ina madaha." Hakunishuku. Mtu aliyeacha shule kwa ajili yako hana sababu ya kukushuku.

Mara ya tatu simu ilipolia ilikuwa namba ile ile, lakini aliyeongea alikuwa jirani.

Awuor, sijui kama angepona. Nilimtafuta baadaye daktari mmoja pale hospitali, nikamweleza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Akasema kifua cha namna hiyo kikiwahiwa wengi huinuka, wengine hawainuki. Nimekaa na hayo maneno kama mtu aliyekaa kati ya milango miwili na yote imefungwa. Najua hili tu: baba yako alikuwa tayari kuja, mfuko wake ulikuwa umefungwa, na alikaa Port Victoria akingoja rangi ikauke katika nyumba ambayo haikuwa yangu na haikuwa ikipakwa rangi.

Mazishini waliniweka mbele. Ndugu yake wa Milimani, walisema. Wakaniomba nizungumze, nami nikazungumza, na nilizungumza vizuri. Watu walilia. Hilo ndilo linaloniamsha, mama, kuliko hata simu zile. Kwamba nilizungumza vizuri.

Siku tuliyokuja Kisumu wewe na mimi, ulikuwa umekaa njia nzima na begi lako magotini. Tulipofika Maseno ukaniuliza, "Anko, rangi imekauka?"

Nadhani huikumbuki siku hiyo. Nimekuchunguza miaka yote hii na naona huikumbuki. Lakini jibu nililokupa umelikumbuka, kwa sababu nililirudia mara nyingi mno. Nilisema, "Ile nyumba nimeiacha, mama. Pale hawataki watoto. Nimeiacha ili nikulee."

Hivyo ndivyo ulivyokua. Umekua ukidhani kuna mtu aliyeshuka kutoka ghorofa ya nne kwa sababu yako. Nilikuona ukisoma na taa ya chupa, nikajua unasomea nini. Ulipofaulu kwenda Maseno ulinikumbatia ukasema, "Nitakurudisha kule juu." Nikakuangalia machoni, nikasema, "Usichelewe." Ulipopata kazi hii hukununua nguo wala hukwenda kutembea Mombasa kama wenzako. Ulitafuta nyumba ile ile, ghorofa ile ile, ukachukua vyumba viwili.

Kwa hivyo sikiliza ilivyokuwa. Sikuacha kitu. Nilikuwa nimekaa mazishini zaidi ya siku nilizopewa, na niliporudi vitu vyangu vilikuwa nje ya geti, Barasa amevifunika na mfuko wa simiti visinyeshewe. Mtu mwingine alishaanza kubeba maji. Wewe hukunitoa Milimani. Nilikuwa nimeshatolewa, na wewe umesimama pale kando umenishika suruali.

Tulizunguka Obunga siku tatu. Kwa Mama Pamela, mwenye ploti hii, nilikuwa nimeshafika zamani nikafukuzwa, kwa sababu hakuwa akikodisha wanaume wasio na mtu. Anasema wanapika mara moja kwa wiki na wanaleta vita. Safari hii akachungulia, akakuona nyuma yangu.

"Huyu ni wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo kudanganya, ukasema, "Mimi ni wake."

Akanipa ufunguo. Ni wewe uliyeikodi nyumba hii, Awuor. Mimi nilisaidia kubeba godoro tu. Kazi ya majiko nayo nilijifunza kwa sababu nilitaka kazi ya kufanyia mlangoni, nikuone ukitoka shule. Sasa hakuna anayekunja bati kama mimi kuanzia hapa hadi Kondele, na hilo hata wanaonichukia wanalisema. Ningekuwa bado na mitungi yangu ningekuwa na mgongo wa kamba.

Hunidai nyumba. Hakuna aliyeshuka kwa sababu yako. Nimeandika hili polepole ili lisomeke, maana mwandiko wangu unaujua.

Kesho asubuhi unakwenda kuchukua ufunguo. Nilitaka kuingoja siku nyingine, nikajiambia, mwache aingie kwanza, azoee, afurahi. Halafu nikasikia hayo maneno ninavyoyasema na nikatambua sauti. Ilikuwa sauti ile ile ya wiki mbili. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu wakati ningeweza kuwa nimelala.

Kama nyumba unaipenda kwa macho yako, ichukue. Ni nzuri. Asubuhi ziwa linaingia mpaka kitandani. Hilo Bwana Maina mwenyewe alikiri, na alikuwa mtu asiyesifu kitu. Lakini kama uliichagua kwa ajili yangu, au kwa ajili ya neno ambalo baba yako alikuambia, kwamba utaona meli dirishani, basi ujue baba yako alikuahidi dirisha alilosimuliwa na mimi. Ahadi yake haikuwa na kosa. Aliyempa ndiye mwenye kosa. Unaweza kutafuta nyumba nyingine, ghorofa ya pili, chumba kimoja, karibu na marafiki zako wa kazi. Hakuna wa kaburini wala wa hapa Obunga atakayekuuliza.

Kuna Mzee Barasa. Ulimjibu vibaya kwa ajili yangu, na mimi nikacheka nikamwita mwendawazimu. Aliyefunika vitu vyangu na mfuko wa simiti. Usimwombe radhi wewe. Uende huko usiende, popote utakapoamua kukaa, mimi nitakwenda kwake kesho mchana. Nitamwambia mtoto alikuwa anarudisha alichofundishwa.

Na mimi nitakuwaje? Najua ndilo utakaloliuliza, hata ukiwa na hasira. Nitakuwa peke yangu, sitakuficha. Sijui kupika ugali wa mtu mmoja. Wiki iliyopita ulipokuwa kwenye mafunzo nilipika, nikasonga ule ule wa sisi wawili, ukabaki, nikaula asubuhi, ukabaki tena, nikampa kuku wa Mama Pamela. Jioni watoto walikuja kudai hadithi ya kiboko nikawaambia koo linauma. Nyumba ikikaa kimya mtu husikia bati likijinyoosha na baridi, tak, tak, na anajikuta anasema "karibu." Nimesema karibu kwa bati mara mbili. Lakini hiyo ni yangu ya kubeba, na mimi ni mbebaji, hiyo si sifa, ndiyo kazi niliyoijua kwanza. Usikae hapa kwa sababu hiyo. Ukikaa kwa sababu hiyo tutakuwa tumebadilisha uongo mmoja kwa mwingine.

Habari ya chumba cha pili siisemi. Nilikuwa nimeandika hapa mistari mitatu juu yake, nikaifuta, maana ilikuwa inakuomba kitu huku inajifanya kukataa. Utasema wewe, ukishasoma, au usiseme.

Nilikuwa nimewaza niiweke barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya viatu, uikute kule juu wakati mimi niko mbali. Ndivyo ningefanya zamani. Nimesikia sasa hivi sauti yako pale kwa Mama Pamela, anakusifia nywele, na wewe unamwambia zimekaza mpaka macho hayafungi. Sitaiweka sandukuni. Nitakupa mkononi ukifika hapa penye karakana, na mimi sitaingia ndani wala sitakwenda dukani. Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka uimalize. Usiponiuliza kitu, sitasema kitu. Ukiniuliza, nitajibu lile ulilouliza, basi.

Baba yako mdogo,
Ochola